Stockfish 17 Mikononi: Injini ya Sataranji kwa Anayeanza

Januari 1999, Wijk aan Zee, Uholanzi. Garry Kasparov anacheza nyeupe dhidi ya Veselin Topalov wa Bulgaria. Katika hatua ya 24 ngome yake inaingia d4 na kula kitunda kinacholindwa. Ngome nzima kwa kitunda kimoja! Topalov anaila. Kuanzia hapo mfalme mweusi anaswagwa kutoka a7, anavuka ubao mzima hadi mstari wa kwanza, nyumbani kwa adui, na kufikia hatua ya 44 Topalov amesalimu amri. Wapenzi wa sataranji hawajachoka kuusimulia mchezo ule hadi leo.

Sasa sikia. Nimeupakia kwenye Stockfish 17, nimesogeza hadi pale ngome ilipotua d4, kisha nikaitaka injini iniambie Mweusi acheze nini. Hata mate sijayameza, jibu liko mbele yangu: usile ngome, mpeleke mfalme b6, na mchezo bado ni wa wote wawili. Nikamlazimisha Mweusi ale kama alivyokula Topalov. Papo hapo nambari ya injini inayopima nani yuko mbele ikaruka upande wa Mweupe. Nikaendelea hadi hatua ya 28, pale Kasparov alipompeleka malkia c3, na injini ikataka ngome iende a7, njia kali kuliko ya Kasparov mwenyewe! Mambo ambayo wachambuzi hodari waliyachimbua kwa jasho baada ya mchezo yananijia kwenye kioo cha simu, na sikulipa hata senti.

Natamani kila anayejifunza sataranji aione injini hii na aielewe. Wengi huifungua, wakaona +0.7 na msururu wa herufi na tarakimu, wakaiamini kwa upofu au wakaiogopa, halafu wakaifunga. Hasara iliyoje! Ndani yake mna kazi mbili tu: kuchungulia mbele, na kupima kinachoonekana huko. Ukizishika hizo mbili, karibu kila kitu kinachopita kwenye skrini kitasomeka.

Tuanze na jambo linalomkwaza mgeni dakika ya kwanza. Stockfish haina ubao. Ukiipakua yenyewe kwenye kompyuta na kuibonyeza, unapata dirisha jeusi linalosubiri maandishi. Unaandika "position startpos" kuipa mkao wa mwanzo, unaandika "go depth 20" kuituma kazini, nayo mwishoni inakurudishia "bestmove" pamoja na hatua iliyoichagua. Ni hayo tu. Lugha hiyo ya maagizo inaitwa UCI, ilibuniwa na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen mwaka 2000, na imeleta faida kubwa: ubao wowote unaoielewa unaweza kubeba injini yoyote inayoielewa. Kwa hiyo mwenye simu ya Android achukue DroidFish, ubao na injini vikiwa pamoja. Asiyetaka kupakua chochote aingie Lichess kwa kivinjari, afungue uchambuzi, na Stockfish itaanza kufanya kazi hapo hapo kwa nguvu ya prosesa yake mwenyewe.

Haya, kuchungulia mbele. Mchezo unapoanza, Mweupe ana hatua 20 za kuchagua: 16 za vitunda, wale askari wanane wa mstari wa mbele, na 4 za farasi. Mweusi naye ana majibu 20, kwa hiyo kila mmoja akishacheza mara moja kuna njia 400. Mweupe akicheza tena zinakuwa 8,902. Mweusi akijibu, 197,281. Hatua moja zaidi ya Mweupe na tumefika 4,865,609, wakati kete nyingi bado hazijatoka nyumbani! Mwaka 1950 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alikadiria kwamba michezo inayowezekana ni kama 1 ikifuatwa na sifuri 120. Hakuna mashine itakayoitazama yote. Basi injini inafikaje kina cha 20, yaani hatua 20 mbele, cha 25, cha 30, tena kwenye simu?

Inakata. Na hii ndiyo sehemu iliyonifanya nisimame na kutembea chumbani kwa furaha nilipoielewa.

Tuseme umeichunguza hatua ya kwanza na kuona kwamba hata mpinzani akijibu kwa ustadi wote, mnabaki sawasawa. Unakwenda kwenye hatua ya pili: malkia h5. Jibu la kwanza unaloliangalia ni farasi kumla malkia bure. Mpinzani ana majibu mengine, pengine thelathini. Ya nini kuyatazama? Hatua hii imekwisha kuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Kama ni mbaya kidogo au mbaya kupindukia, haikuhusu, kwa sababu huichezi. Tawi zima linaanguka, pamoja na maelfu ya mikao iliyokuwa chini yake. Wataalamu wanauita ukataji wa alfa-beta, na utamu wake ni kwamba haupotezi chochote: jibu la mwisho ni lile lile ambalo lingetoka kama ungetazama kila kona. Hatua zikitazamwa kwa mpangilio mzuri, zile bora kwanza, kazi inashuka hadi karibu na kipeuo cha pili cha kazi ya awali. Mikao milioni moja inakuwa kama elfu moja! Kwa muda ule ule, unaona mbele takriban mara mbili.

Lakini injini itajuaje hatua bora ni ipi kabla ya kuitafuta? Angalia skrini. Utaona kina kikipanda: 1, 2, 3, 4, hadi 20 na kuendelea. Haikurupuki kwenda chini moja kwa moja. Inamaliza uchunguzi mfupi, inatumia matokeo yake kupanga foleni ya uchunguzi mrefu zaidi, na kila duru inaipangia duru inayofuata. Pia inakumbuka. Mkao mmoja unaweza kufikiwa kwa njia nyingi, na injini inauweka kwenye hifadhi ya kumbukumbu ili isiupime upya kila unapojitokeza.

Hapo bado tuko kwenye ukataji usio na hatari. Stockfish inathubutu zaidi. Hatua zilizo mkiani mwa foleni inazichungulia kwa kina kifupi tu, na moja ikionyesha dalili njema inarudi kuitazama kwa makini. Ujasiri huo uliopimwa ndio unaoifikisha mbali hivyo.

Kwenye dirisha lile jeusi kuna nambari ya pili karibu na kina, mara nyingi kubwa kuliko ya kwanza, ambayo wanaoanza huipuuza. Fikiria injini inasimama hasa kwenye hatua ya 20, na hatua hiyo ni malkia kula kitunda. Ikipima hapo, itashangilia kitunda cha bure. Hatua ya 21 malkia analiwa! Ndiyo maana kwenye mkao wenye moto injini haisimami. Inafuata ulaji hadi ubao utulie, kisha ndipo inapima. Nambari ile ya pili inakuonyesha njia ndefu kuliko zote iliyoifuata ilifika wapi.

Ili uonje uzito wa jambo hili: Mei 1997, jijini New York, Deep Blue ya IBM ilimshinda Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa kompyuta ya makabati, yenye vipande vilivyotengenezwa maalumu kwa sataranji, ikitazama mikao milioni 200 kwa sekunde. Simu yako inatazama sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, na Stockfish iliyomo ni hodari kuliko Deep Blue kwa mbali sana. Inatazama machache na kuona mengi.

Hapo tunaingia kwenye kupima, na hapa toleo hili ni tofauti kabisa na injini alizozijua baba yako. Zamani injini ilipima kama vitabu vya mwanzo vinavyofundisha: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Juu yake watu waliandika kanuni kwa mkono, moja moja, miaka nenda miaka rudi: pointi kwa mfalme aliyejificha vizuri, makato kwa vitunda viwili vilivyopangana, na kadhalika. Kisha mwaka 2018 Mjapani Yu Nasu akabuni aina ya mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Mtandao huo, uitwao NNUE, uliingia Stockfish toleo la 12 mnamo Septemba 2020, na nguvu ya injini ikapaa. Mwaka 2023 zile kanuni za kupima zilizoandikwa kwa mkono zikaondolewa kabisa. Leo mtandao ndio unaohukumu.

Uzuri wake uko kwenye ubahili. Mitandao ya neva huhitaji mahesabu mengi, na injini inapaswa kupima mamia ya maelfu ya mikao kila sekunde. NNUE inafanya kama mwenye duka makini na daftari lake: akiuza pakiti moja ya chumvi hahesabu upya kila kilicho rafuni, anatoa moja kwenye hesabu ya jana. Hatua moja ya sataranji hubadilisha kete moja au mbili tu, kwa hiyo mtandao unarekebisha palipobadilika na kuacha kwingine kote kama kulivyokuwa. Kwa hiyo prosesa ya kawaida inatosha, na huhitaji kadi ya michoro ya bei ya pikipiki.

Kwa upande wa pili kuna ukoo mwingine wa injini. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake, bila mchezo hata mmoja wa binadamu. Katika michezo 100 dhidi ya Stockfish 8 ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikufungwa hata mara moja. Ilikuwa ikitazama mikao 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70 za mwenzake! AlphaZero haikuwahi kutolewa kwa umma, lakini wanaojitolea walianzisha Leela Chess Zero mwaka 2018 kwa kufuata njia ile ile. Na kinachonigusa zaidi ni hiki: mitandao ya Stockfish siku hizi hufunzwa kwa sehemu kubwa kwa mikao iliyotokana na Leela. Washindani wanaogombea taji la injini kila msimu wanalishana maarifa.

Turudi kwenye ile +0.7. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka hapa, chukua hiki. Kwenye ubao wa Lichess alama ya kujumlisha inampendelea Mweupe, ya kutoa inampendelea Mweusi. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba +1.00 maana yake ni kuwa mbele kwa kitunda kimoja. Tangu toleo la 15.1, la Desemba 2022, nambari imewekewa kipimo kipya: +1.00 maana yake Mweupe ana uwezekano wa asilimia 50 kushinda, pande zote mbili zikiendeshwa na Stockfish yenyewe. Soma tena sentensi hiyo. Ni nambari ya matumaini ya ushindi, na vitunda vilivyo ubaoni vinaweza kuwa sawa kabisa huku ikisema +1.50. Mkao wa mwanzo hupata kitu kama +0.3: Mweupe ana nafasi njema kidogo, na kati ya wakubwa wawili mchezo utaelekea sare.

Kwa anayeanza, tofauti ya +0.2 na +0.5 haina cha kumfundisha. Ukicheza na rafiki yako pale kijiweni, hakuna kati yenu anayeweza kuitumia. Tafuta maporomoko. Pitia mchezo wako na utazame pale nambari ilipotoka +0.4 ikaanguka hadi -3, hapo ndipo mchezo ulipokwenda. Ukiona alama ya reli ikifuatwa na 5, au herufi M na 5, hiyo si makadirio tena. Injini imeuona mwisho, mfalme anafungwa ndani ya hatua tano hata mpinzani afanye nini. Na ule msururu wa hatua pembeni ya nambari ni mchezo ambao injini inadhani utafuata. Hatua zake za mwanzo zimechunguzwa kwa kina kirefu, za mkiani kwa kina kifupi sana, hivyo usizikariri za mkiani.

Wakubwa nao huporomoka, wala usione haya. Novemba 2006, mjini Bonn, Vladimir Kramnik akiwa bingwa wa dunia alicheza na injini ya Deep Fritz, akampeleka malkia wake e3, na hakuona kwamba malkia mweupe anaingia h7 na kumfunga mfalme kwa hatua moja. Alipoteza pambano zima kwa pointi 4 dhidi ya 2.

Nani anaitengeneza Stockfish? Ilianza 2008 mikononi mwa Tord Romstad wa Norwe, Marco Costalba wa Italia na Joona Kiiski wa Ufini, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadilisha. Mwaka 2013 Gary Linscott akajenga mfumo wa Fishtest, na nauhesabu huo kuwa moyo wa mradi. Mtu yeyote akiwa na wazo, wazo linawekwa kwenye mizani: toleo lenye wazo linapambana na toleo lisilo nalo, mara nyingi kwa makumi ya maelfu ya michezo ya haraka, kwenye kompyuta za watu wanaojitolea umeme na muda wao. Likishinda linaingia. Lisiposhinda linatupwa, hata kama mwenyewe ni nani. Hakuna jina kubwa, hakuna cheo. Toleo la 17, la Septemba 2024, ni mavuno ya maelfu ya mizani za namna hiyo.

Mchezo ukielekea mwisho, zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, hakuna tena cha kukisia: majedwali ya Syzygy, ya Ronald de Man, yana jibu kamili kwa kila mkao, na yale ya kete saba yalikamilika mwaka 2018. Ni makubwa mno kwa diski ya kawaida, lakini Lichess inakuruhusu kuyauliza. Baadhi ya mikao hiyo ina ushindi unaohitaji zaidi ya hatua 500!

Mipangilio sasa, maana inakuja ikiwa imebanwa. Kwa kawaida Stockfish inaanza na uzi mmoja wa prosesa na hifadhi ya megabaiti 16. Kwenye kompyuta ongeza zote mbili. Tofauti utaiona mara moja. Kwenye simu acha uzi mmoja au miwili, la sivyo itachemka na betri itaisha. Halafu washa MultiPV na uiweke 3, ili injini ikuonyeshe hatua tatu bora kwa pamoja. Hatua tatu zikikaribiana, una uhuru wa kucheza unavyopenda. Moja ikisimama peke yake na nyingine zimeanguka mbali, simama hapo hadi ujue kwa nini.

Hicho "kwa nini" ndicho injini isichokupa. Haisemi, inaonyesha tu. Dawa niliyoipenda ni kuicheza hatua yangu mbaya kwenye ubao wa uchambuzi na kuiacha injini iniadhibu. Adhabu yenyewe ndiyo maelezo. Pia kuna mikao iliyozibwa, ambapo upande mmoja una kete nyingi lakini hauna pa kuingilia, na injini inaweza kuendelea kuonyesha +2 au +3 kwenye mchezo ambao hautavuka sare. Nambari ikikaa pale pale hatua baada ya hatua, shuku hivyo. Na jambo la heshima: isiguswe kabisa mchezo ukiwa unaendelea dhidi ya mtu. Huo ni wizi, na tovuti kubwa za sataranji hufungia akaunti za wanaoufanya.

Kucheza dhidi yake ni jambo jingine. Unaweza kuishusha hadi kiwango cha 1320 katika kipimo cha nguvu za wachezaji, na juu yake inapanda hadi 3190. Ikishushwa inacheza kama mtu wa ajabu, hatua nzuri mfululizo kisha ghafla hatua ovyo, kwa hiyo usiichukulie kama binadamu wa kiwango hicho. Mimi naipenda zaidi ikiwa na nguvu zake zote. Chukua mkao ambao yenyewe inasema una +4, kaa upande wenye faida, na ujaribu kuushinda. Itajitetea kwa kila kete, itakutegea kila mtego uliopo. Ikikunyang'anya ushindi, rudi nyuma hadi nambari ilipoanguka, jaribu hatua nyingine, na uendelee kutoka hapo.